Siku Tuliyoufagia Mtaro

Kila Jumamosi asubuhi binti yangu, ambaye ndiye diwani wa kata yetu, huketi kwenye kibaraza changu kusikiliza shida za watu. Ofisi anayo kule halmashauri, lakini ni ya kubanana na madiwani wenzake, na mlango wake umevimba, haufungiki wala haufunguki sawasawa. Basi tangu achaguliwe tumezoea hapa hapa. Mimi hupiga deki mapema, nikatoa benchi, nikatoa na kile kiti cha plastiki chenye mguu uliofungwa waya, ambacho mtaa mzima unakijua na hakuna anayekikalia ila mgeni. Yeye huketi kwenye kigoda cha marehemu baba yake. Anasema akikaa juu kuliko watu hasikii vizuri.

Watu huja na kila kitu. Taa ya njia panda imekufa. Choo cha huyu kinavujia kwa yule. Mama mmoja alikuja kushtaki kwamba mume wake siku hizi halali nyumbani.

"Sasa mama, hilo halmashauri italifanyaje?" binti yangu akamwuliza.

"Mfokee tu, Mheshimiwa. Mimi ameshanizoea."

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba diwani hana fungu mkononi. Ana mdomo tu. Anaibeba shida yako hadi kikaoni, anasimama anaisema, anakaa chini. Wenye fungu wakitaka wanasikia, wasipotaka wanaitisha chai. Mimi mwenyewe nilidhani mwanangu akishakuwa diwani atakuwa anaagiza mambo yanafanyika. Nilipomwona anarudi jioni baada ya jioni, viatu mkononi, anakaa jikoni kwenye ndoo iliyopinduliwa, ndipo nikaelewa kazi yenyewe.

Shida kubwa ya mtaa wetu ilikuwa mtaro. Unaanzia juu sokoni, unapita nyuma ya nyumba zetu, na ukifika chini kabisa unakata kona. Pale kwenye kona ndipo ilipo nyumba ya fundi cherehani. Ni mtaro wa udongo, haujajengewa. Maji yakija na kasi yake hayaioni kona. Yanaupiga kwanza ukuta wa Fundi, ndipo yakumbuke kugeuka. Kila masika yalikula udongo chini ya msingi, ukuta ukapata ufa, ufa ukapanuka, mpaka ikawa mkewe akilala kitandani anawaona wapita njia kupitia ukutani kabla hajawaona dirishani.

Mkewe tulimwita Mama Vifungo. Aliugua uti wa mgongo akiwa bado kijana na miguu ikafa, lakini mikono ilibaki mizima. Kitanda chake kilikuwa ubavuni mwa cherehani. Fundi akimaliza shati anamrushia, yeye anatia vifungo, anakata nyuzi kwa meno, anakunja. Mtoto hawakujaliwa. Walikuwa wakibishana tangu asubuhi mpaka jua linazama, na wateja wengine, nadhani, walikuwa wakipeleka nguo kwa sababu hiyo tu.

"Wewe mwanamume, mikono hii umempima nani, nyani?"

"Nimempima kaka yako."

"Kaka yangu ana mikono mizuri."

"Ndiyo maana haitumii."

Fundi hakuwa mtu wa kulalamika. Alikuja kibarazani mara moja tu, akakaa pembeni ya benchi mpaka watu wote wakaisha. Aliposema, alisema huku anatazama vidole vyake.

"Mheshimiwa, mimi sitaki kujengewa nyumba. Nataka huo mtaro ujengewe mawe, maji yapite yanakokwenda. Nyumba ikianguka, kaka wa mke wangu ameshasema atakuja kumchukua dada yake. Ana chumba cha kumpa. Cha yeye, si cha mimi. Na kwa pesa ya viraka siwezi kupanga mahali pa kuingia kitanda kile na cherehani. Tutatenganishwa uzeeni kama watu waliogombana."

Binti yangu akamwambia, "Na mnagombana kila siku, Fundi."

Fundi akacheka kidogo. "Ndiyo. Sasa nitagombana na nani?"

Akanyanyuka, akaaga, akaondoka. Binti yangu akabaki kwenye kigoda. Mimi nilikuwa nakusanya vikombe, nikamwona anavyomsindikiza kwa macho mpaka alipopotea nyuma ya banda la mkaa. Akaniambia, "Mama, huu mtaro nikishindwa, sijui nilichaguliwa kufanya nini."

Basi akaanza kuusema mtaro. Aliusema kwenye kila kikao. Alipoulizwa kuhusu shule alijibu, akamalizia na mtaro. Wenzake wakamwita Diwani wa Mtaro. Kuna mmoja, mwenye kitambi na kicheko kikubwa, kila akimwona mlangoni anamwuliza, "Mheshimiwa, leo unauruka au unauingia?" na ukumbi mzima unacheka. Mwanangu alikuwa akinisimulia haya huku ananiigizia sauti ya yule bwana, na mimi nacheka.

Huku nyuma watu wa chini walijitahidi wenyewe. Fundi na majirani walipanga pale kwenye kona matairi mabovu na viroba vya mchanga, safu juu ya safu, ili maji yapige pale kabla ya kufika ukutani. Ilikuwa takataka ya kutisha kuitazama. Viroba vimeoza, matambara yamening'inia, maji ya kijani yamelala ndani ya matairi na mbu wake. Lakini ule uchafu ndio ulioishikilia nyumba masika mawili.

Hatimaye ukimya wa halmashauri ulivunjika. Fungu la kujengea mtaro mmoja lilipatikana. Mmoja tu, na kata zilizoomba zilikuwa mbili. Kamati ya ujenzi ikaamua ipite kote kote na mhandisi wake, itazame kwa macho, na mtaro wenye hali mbaya zaidi ndio ujengwe kabla ya masika. Binti yangu alirudi siku hiyo amevaa viatu miguuni. Jumamosi akawatangazia watu kibarazani.

"Alhamisi kamati inakuja kuuona mtaro wetu. Wanakuja na gari, wanashuka, wanatembea mpaka chini kwa Fundi. Wakiona hali ilivyo, hatuna mpinzani."

Watu wakapiga makofi. Kesho yake akasafiri, semina ya madiwani mji mwingine, na angerudi Alhamisi hiyo hiyo ndani ya gari la kamati.

Hakusema kitu kingine. Na kwa nini angesema? Nani anamwambia mtu mzima asifagie?

Aliyeanza ni muuza mkaa. Huyu mama tunamwita Redio, kwa sababu habari za mtaa haziwezi kutoka kwingine kabla hazijapitia kwake. Jumatatu alisimama katikati ya njia, mikono yake myeusi kiunoni, akawauliza watu, "Hivi nyinyi mnataka mtoto wetu aingie na wakubwa kwenye uvundo huu? Waseme diwani wa kata hii amelelewa jalalani?"

Lile neno lilinichoma mimi mzazi kuliko wote. Nikaenda ndani kuchukua fagio.

Ilikuwa kazi ya kupendeza kuitazama, sitasema uongo. Watu waliokuwa hawasalimiani walipokezana koleo. Kinyozi alifunga kibanda chake akaingia mtaroni na suruali imekunjwa mapajani, Redio akamwambia kumbe ana miguu ya kuku siku zote anaificha. Walitoa tope, walitoa chupa, walitoa godoro, walitoa fremu ya baiskeli ambayo watu wawili waliitambua kuwa ni yao. Walichimba kingo zikanyooka kama zimepigwa rula. Mimi na wanawake wenzangu tulimwaga majivu kwenye madimbwi, tukafagia njia yote kutoka sokoni, tukanyunyiza maji ili vumbi litulie. Mawe ya kando yakapakwa chokaa.

Walipofika kwenye kona wakasimama mbele ya matairi.

"Haya ndiyo yanayotutia aibu," alisema Redio.

Fundi alikuwa mlangoni kwake, mkanda wa kupimia shingoni. "Hayo yananizuilia maji, dada."

"Mvua bado, Fundi. Wageni wakiondoka tunakurudishia moja moja, mimi mwenyewe nabeba. Au unataka wakubwa wapite kwako waone mbu?"

Hakuna mtu anayetaka mgeni apite kwake aone mbu. Fundi akainama akashika tairi la kwanza kwa mkono wake.

Na hapo likatokea jambo ambalo halijawahi kutokea. Gari la taka la halmashauri, ambalo kwetu tulikuwa tunalisikia kama hadithi, liliingia mtaani Jumatano asubuhi. Nadhani walikuwa wamesikia wakubwa watapita. Vijana wa gari wakachukua kila kitu tulichorundika kando ya njia, matairi na viroba vikiwemo, wakaondoka wanapiga honi. Tuliwapungia mikono.

Fundi naye alibaki na ukuta wake. Akaona mtaa wote unang'aa isipokuwa yeye. Akachanganya udongo na simenti kidogo aliyopewa na jirani, akauziba ule ufa kutoka juu mpaka chini, akausawazisha kwa ubao, akapaka chokaa nje na ndani. Alikuwa na mkono mzuri Fundi, hata kwa kazi isiyo yake. Ndani akatundika pazia jipya la vitambaa vilivyobaki vya wateja, buluu na njano. Nilipopita na ndoo nilimsikia mkewe.

"Na mimi sasa nitawaonea wapi watu?"

"Dirishani, kama binadamu."

"Dirishani kunaonekana miguu tu."

"Basi uangalie viatu, uniambie nani anahitaji suruali."

Alhamisi mimi nilivaa gauni langu la kwendea harusini. Gari likaja, jeupe, likasimama juu karibu na sokoni, wakashuka. Mwenyekiti wa kamati, mtu mzima mpole mwenye leso mkononi. Mhandisi, kijana mrefu, kalamu sikioni. Wajumbe wengine wawili watatu, na yule mwenye kitambi. Mwisho akashuka binti yangu kutoka kiti cha nyuma.

Akautazama mtaro. Akatazama yale mawe meupe yalivyopangana kushuka hadi chini. Akanitazama mimi. Nikamchekea. Hakucheka. Nikajiambia amechoka na safari.

Watu walikuwa wamesimama pande zote mbili za njia, wamevaa vizuri, wanapiga makofi taratibu kama kanisani. Mwenyekiti akatembea akiwaitikia, leso yake hakuihitaji puani hata mara moja. Alisimama kila baada ya nyumba kadhaa akatikisa kichwa.

"Mheshimiwa, hongera sana. Sisi tulivyokusikia kule kikaoni tulitegemea tuje na mabuti."

"Mheshimiwa Mwenyekiti," binti yangu akasema, "hapa wananchi wamefanya usafi kwa ajili yenu. Sivyo kulivyo siku zote. Naomba twende mpaka kwenye kona, pale pana ukuta."

Wakafika kwenye kona. Ukuta ulikuwa mweupe kama karatasi. Binti yangu akausogelea, akaupapasa, akatafuta ule ufa kwa vidole kama mtu anayetafuta swichi gizani. Nilikuwa nyuma yao tu. Akaanza tena kutoka juu, na hapo ndipo nilipoanza kushuku kwamba tumekosea.

"Mhandisi, hapa palikuwa na ufa wa kuingiza mkono."

Mhandisi akagonga kwa kifundo cha kidole, akakwaruza kwa kalamu. "Hii plasta mpya. Nyumba imekarabatiwa."

"Imepakwa juu tu. Chini hakuna msingi, maji yameula."

"Mheshimiwa, mimi nikifukua msingi wa mtu hapa itabidi nifukue na kule kwa wenzako. Naandika ninachokiona."

"Basi muulize mwenye nyumba."

Fundi alikuwa amesimama pembeni na koti lake la pekee, mkanda wa kupimia kautoa. Alipoulizwa, akasema ufa ulikuwepo, ila ameshauziba, wageni wasiwe na wasiwasi. Alisema hivyo kwa fahari. Kisha akawakaribisha ndani.

Mwenyekiti aliingia akainama kwa heshima mbele ya kitanda. Mama Vifungo alikuwa amefunikwa shuka safi, nywele zimesukwa, sindano kaiweka mbali.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibuni."

"Habari za hapa?"

"Nzuri tu, tunamshukuru Mungu."

"Diwani wenu anatuambia mna shida."

Mama Vifungo akamtazama mumewe, akamtazama binti yangu, akaona kundi zima la wakubwa limejaa kwenye kile chumba kidogo, wamesimama kwa sababu viti hakuna. Ningekuwa mimi ningesema nini? Mgeni anaingia mara ya kwanza nyumbani kwako, hujampa hata maji, unamwangushia shida?

"Ah, baba, shida za kawaida. Tunaishi."

"Mama, waambie ya mvua," binti yangu akasema. Sauti yake ilikuwa kama ya mtoto.

"Mvua ikija inapita, mwanangu. Kama mvua zote."

Yule mwenye kitambi akasema pazia zuri, nani kashona. Wakacheka, wakatoka.

Gari lilipoondoka, watu wakamzunguka binti yangu. Redio alikuwa mbele, jasho limechora njia kwenye mkaa wa mashavu yake. "Haya, useme. Umeona tulivyokupokea?"

Nilimwona mwanangu anawatazama mmoja mmoja. Kinyozi na tope lililokaukia kwenye kucha. Wale wanawake. Fundi na koti lake.

"Nimeona," akasema. "Asanteni sana. Mmenipa heshima kubwa."

Jikoni akakaa kwenye ndoo. Mimi nikasimama na gauni langu la harusi.

"Mama, na wewe ulifagia?"

"Nilifagia."

Akatikisa kichwa, hakuwa na hasira. Akanieleza yote polepole, kama anavyowaeleza watu kibarazani, kwamba walikuja kutafuta kubaya, wakakosa. Kwamba walikotoka asubuhi, kata ya pili, hawakufagiliwa hata hatua moja, mbwa mfu alikuwa amelala mtaroni na Mwenyekiti alitapika.

"Lakini macho wanayo," nikasema. "Hawakuona chini ya chokaa?"

"Mama, nani anaona chini ya chokaa?"

Baada ya hapo alikwenda kwa mhandisi, akaambiwa taarifa imeshapita kwenye kamati. Akaenda kwa Mwenyekiti, akapewa chai na maneno mazuri. Aliomba warudi watazame tena, wakasema baada ya masika. Akaomba basi walau viroba vya mchanga kutoka bohari, akaambiwa mtu wa bohari yuko likizo na funguo kaondoka nazo. Ilikuwa danadana ya kila siku, na mawingu yanajikusanya.

Watu bado hawakuwa wamejua. Alikuwa anatafuta namna ya kuwaambia, na mimi nilimwambia asubiri, labda atapata njia. Njia haikupatikana, lilikuja bango. Ni bati kubwa la kijani lenye miguu miwili ya chuma, limeandikwa kwa rangi nyeupe MTAA SAFI, na chini yake maneno madogo ya kutupongeza. Vijana wa halmashauri wakalisimika juu ya kona, mbele ya nyumba ya Fundi, kwa sababu ndipo ardhi ilipokuwa laini. Redio akapiga vigelegele. Kisha akageuka.

"Na mafundi wa mtaro wanaanza lini?"

Binti yangu akasema, "Hili ndilo tulilopewa."

"Hili ni la usafi. Nauliza mtaro."

"Mtaro umekwenda kata ya pili."

"Kwa nini?"

"Kwao kulikuwa kuchafu."

Mkono wa Redio ulikuwa bado uko mdomoni, pale ulipokuwa wakati wa vigelegele, na ukabaki pale pale. Kinyozi akainama akaanza kufungua na kufunga kamba ya kiatu. Fundi alilitazama bango, kisha ukuta wake, akaupitisha mkono juu ya ile plasta alivyoisawazisha.

"Niliichanganya vizuri mno," akasema.

Siku zilizofuata Redio alileta magunia yake ya mkaa, yote, akabaki anauzia mkaa chini kwenye turubai. Wakayajaza mchanga. Binti yangu alishika koleo na wenzake tangu asubuhi, diwani mzima, na hakuna aliyemwambia Mheshimiwa. Lakini gunia la mkaa lina matundu. Ukilinyanyua, mchanga unakutoka miguuni. Matairi tuliyatafuta hadi jalala kuu, tukakuta yamechomwa.

Masika yaliingia siku ya soko, asubuhi, kwa kishindo. Kwanza tuliona mtaro unafanya kazi nzuri. Tulivyouchimba na kuunyoosha, hakuna chupa wala godoro la kuyazuia, maji yalishuka mazima kama yametumwa. Sikuwahi kuyaona na kasi ile. Yalipofika kwenye kona yaliyachukua magunia ya Redio moja baada ya jingine, mepesi, kisha yakaanza kula ukuta. Chokaa ikatoka kwanza, maji yakawa meupe kama maziwa. Kisha plasta ikabanduka kipande kizima. Wanaume walikuwa wameshaingia. Walimtoa Mama Vifungo na kitanda chake, godoro likiwa juu ya vichwa vyao, shuka inaburuzika kwenye maji, na yeye anapiga kelele wasiisahau cherehani. Cherehani ilitolewa. Walipokanyaga tu kizingiti, ukuta wa mtaroni ukakaa chini. Haukuanguka kwa kishindo. Ulikaa, kama mtu aliyechoka, na paa likaufuata.

Mama Vifungo alilala kwangu, sebuleni, Fundi kwenye mkeka kando yake. Hawakubishana. Nilikuwa nasikiliza nione kama watabishana.

Kaka yake alikuja na pikapu mara mvua ilipopungua. Si mtu mbaya. Alileta blanketi mpya na mto. Kweli mikono yake ni mirefu. Binti yangu alimsihi.

"Mjomba, tupe muda kidogo. Wakae hapa kwa mama."

"Hapa mama ana chumba?"

Nilitazama sebule yangu. Kitanda kilikuwa kimeziba mlango wa jikoni. Tulikuwa tunazunguka nje kwenda kuchota maji. Paa langu lilikuwa linavuja juu ya miguu ya Mama Vifungo, na yeye hakuwa anajua kwa sababu hasikii kitu huko.

"Na mimi?" Fundi akauliza. Aliuliza polepole, kama mteja anayeuliza bei anayoijua.

"Fundi, unakujua kwangu. Watoto wanalala ukumbini. Ningekuwa na pa kukuweka ningekuweka."

Wakampakia. Mama Vifungo alikuwa ameshika shati ambalo halijaisha, la mteja fulani. Alitia kifungo cha mwisho palepale juu ya pikapu, akakata uzi kwa meno, akamrushia mumewe.

"Mkono wa kushoto umeukata mfupi," akamwambia.

Fundi akalidaka. Akaunyoosha ule mkono wa kushoto, akautazama. Pikapu likaondoka taratibu kwa sababu ya tope. Bango la MTAA SAFI lilikuwa limelala kifudifudi njiani, dereva akapita juu yake, likalia mara mbili, magurudumu ya mbele na ya nyuma.

Sasa Fundi anashona kwenye kibaraza cha kinyozi, analala humo humo. Mara moja moja mkewe anapiga simu, ya kuazima. Redio anasema anawasikia: habari, nzuri, umekula, nimekula, basi. Zamani walikuwa wanaweza kugombania kifungo kimoja mpaka chai inapoa.

Binti yangu anaendelea kukaa kibarazani kila Jumamosi. Watu wanaokuja wamepungua. Wengine wanaona haya kumtazama, wengine wanaona shida zao hazina mahali pa kwenda. Kikaoni, ananiambia, hasemi tena mtaro. Yule mwenye kitambi alimwuliza, "Vipi, leo huuruki?" na hakuna aliyecheka, hata yeye mwenyewe.

Jumamosi iliyopita nilipiga deki kama kawaida, nikatoa benchi na kile kiti. Alikuja mtu mmoja tu, Fundi. Akakaa pembeni ya benchi, pale pale alipokaa siku ile, mkanda shingoni. Binti yangu akajisogeza na kigoda karibu naye.

"Fundi, una shida gani?"

"Hakuna shida, Mheshimiwa," akasema. "Nimekuja kukaa tu."

Binti yangu hakumwuliza tena. Wakakaa wote wawili wanatazama njia, na mimi nikaingia ndani kuweka maji ya chai.